Sarafu Zilizosema Ndiyo

Mwanakheri alilaza simu yake juu ya kaunta ya duka lililomtunzia sarafu za mtandaoni, ambazo kila moja ni kura katika maamuzi kuhusu sarafu hizo.

"Nani amepiga kura kwa sarafu zangu?"

"Dada, ziko salama," karani alisema. "Haijapungua hata moja."

"Sikuuliza idadi. Mmesema ndiyo, ada ya kuzituma ipande. Mimi nasema hapana, na kura haijafungwa; zikiwa mkononi mwangu bado naweza kuibadili."

"Wewe peke yako utazuia nini?"

"Kama kura yangu si kitu, mliichukua ya nini?"

Foleni ikaguna. Karani akamwonya: akizihamishia kwenye simu yake, kisha apoteze maneno ya siri ya kuzifungulia, basi tena.

"Nimeyatarizi kwenye nguo. Ipi, haikuhusu."

Akabonyeza: toa zote. Kisha, palepale, akapiga kura ya hapana.

Nyuma yake, mzee mmoja, simu yake tayari mkononi, alianza kutafuta miwani mfukoni.