Mstari wa Tatu

Barua ya kumfukuza mjukuu wake ilikuwa mfukoni mwa aproni, na bado bibi alifagia ukumbi wa shule mpaka kwenye pembe. Hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Ukutani, usawa wa vifua vya watoto, palikuwa na sheria ya shule: mistari miwili ya Kilatini. Chini yake ulianza mkanda wa rangi nyeusi ya mafuta, mpaka sakafuni, wa kuficha alama za mikono na viatu. Kila likizo bibi aliupaka upya. Uchafu ulipopanda, naye aliupandisha mkanda kidogo. Mwalimu Mkuu alimsifu kwa hilo mbele ya wazazi.

Kilatini chenyewe hakukijua. Alisoma madarasa matatu tu. Mwalimu Mkuu ndiye aliyemfafanulia: jifunze, au uondoke. Binti, yule mjukuu, amefeli mara mbili, basi aondoke. Na shule nyingine inayofikika kwa miguu haikuwepo.

Bibi akaenda kwa mwalimu mstaafu, yule waliyemwita Miwani, ambaye alisema Kilatini kimebaki kwake na kwa buibui wa maktaba. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Miwili? Yeye alipoanza kazi pale ilikuwa mitatu. Mwalimu wa kwanza wa shule, aliyeiandika kwa mkono wake, utotoni alifeli mara nne. Ndiyo maana akaongeza wa mwisho: asiyeweza aanzishwe upya, wala asifukuzwe.

Asubuhi wakaenda wote, mzee na mkongojo wake, binti na sare iliyopigwa pasi. Mwalimu Mkuu aliwasikiliza, akasema hawezi kufuata sheria asiyoiona.

"Nionyeshe huo mstari, bibi, na mtoto aingie darasani sasa hivi."

Miwani akaugusa mkanda mweusi kwa ncha ya mkongojo. "Ulikuwa hapa. Umefunikwa na rangi tu. Dada, ukuta huu ni wako, tukwangue."

Binti alishakimbia jikoni. Akarudi anahema, akamwekea bibi yake kisu mkononi, akachuchumaa kando yake kusubiri.

Bibi alikishika tu. Kila likizo, kabla ya kuchovya brashi, aliupiga ukuta huo msasa mpaka plasta ikatoa vumbi jeupe.