Kitovu cha Bi Mwantumu

Siku hizi serikali imeamuru kila neno liwe na fani moja tu, na neno kitovu wamepewa watu wa hospitali. Bi Mwantumu hakujali, mpaka alipokwenda kwenye jengo la serikali, lenye dirisha kwa kila fani, kuomba arudi Mwera, alikofukuzwa pamoja na majirani kupisha mashamba ya wakubwa.

"Una ushahidi gani kwamba Mwera ni kwenu, bibi?" karani akauliza.

"Kitovu changu kimezikwa pale, na juu yake ukapandwa mnazi."

"Maumivu ya kitovu ni dirisha la tatu."

"Siumwi, mjukuu wangu. Nataka kwetu."

"Basi tumia neno jingine."

Akalitafuta, asilipate, mama yake hakumwachia jingine. Akajikokota hadi dirisha la tatu.

"Kinauma tangu lini?" nesi akauliza.

"Tangu mlipotuhamisha."

Nesi akayaandika maneno hayo vilevile, kisha akampa vidonge vya siku saba.