Nusu Saa Nyuma ya Nyumba ya Chelagat

Wepukhulu aliinuka kwenye kochi polepole, akaacha televisheni ikiongea peke yake. Ilikuwa harufu ya gesi, nayo ilipita chini ya mlango wa jikoni.

Hakugusa swichi yoyote. Hata televisheni hakuizima, maana hata kuzima hutoa cheche. Alifungua madirisha yote mawili ya sebuleni. Jikoni hakuwa na kawaida ya kuingia, lakini mtungi lazima ufungwe, kwa hivyo akausukuma mlango. Ulikataa. Msimu wa mvua mbao zile hufura. Akausukuma tena kwa bega. Ulisogea kidogo, ukarudi.

Nyumba hiyo ya Kanduyi walikuwa wameijenga kwa miaka sita, yeye na mkewe Viola, chumba kwa chumba, bati za mwisho zikapigwa misumari Pasaka iliyopita. Aliitazama mara moja, ukuta hadi ukuta, akatoka nje na soksi.

Siku hiyo hata hakufaa kuwa nyumbani. Bomba la maji lilipasuka ofisini, wakaambiwa waende. Kufikia saa tatu asubuhi alikuwa ameshaketi sebuleni, na sasa ilikuwa saa saba. Watoto walikuwa shule. Viola alikuwa Kitale kwa semina ya walimu.

Jirani yake, Chelagat, alikuwa na jiko la makaa nje, chai juu yake.

"Zima hiyo jiko," Wepukhulu alimwambia. "Kwangu kunanuka gesi."

Chelagat akamwaga chai yote juu ya makaa. "Na hizo soksi zimetoboka, Baba Ian."

Wakaenda nyuma ya nyumba ya Chelagat, ili ukuta uwe katikati ikilipuka. Hapo akampigia Viola.

"Nyumba inanuka gesi."

Viola akauliza, "Uko nje?"

"Niko nje."

"Nje kabisa?"

"Nyuma kwa Chelagat."

"Kaa huko huko nusu saa. Na usichungulie." Akakata.

Wakakaa. Wepukhulu alisali kimya, akitaja bati kwanza, halafu dari.

"Si umpigie mama mkwe wako huko Kamukuywa," Chelagat alisema. "Ati yule mama anajua kuomba sana."

"Huku kwetu mtu na mama mkwe hawaonani. Miaka kumi na mbili tunasalimiana kupitia Viola."

"Ata nyumba ikishika moto?"

"Afadhali mtu aungue."

Chelagat akacheka mpaka akafuta macho na leso.

Nusu saa ilipoisha, Wepukhulu alirudi, akanusa mlangoni, akangoja, akanusa tena. Hewa ilikuwa safi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na dirisha pia. Mtungi ulikuwa umefungwa, umekazwa vizuri. Sufuria zilikuwa zimeoshwa na kupangwa, kubwa chini, ndogo juu.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Viola.

"Mama amepata boda ya kurudi Kamukuywa. Alikuja kutupikia, hakujua utarudi mapema. Amejifungia jikoni tangu saa tatu akingoja utoke, mpaka akaona afungulie gesi kidogo."