Swali la Bao

Tangu apate kiharusi, baba hakuwa ametamka neno. Fundi cherehani aliyewachekesha wateja mpaka wakasahau nguo zao, sasa alitutazama tu, mdomo umempinda.

Asubuhi hiyo nilikuwa namkanda mkono, redio ikirusha chemsha bongo ya michezo.

"Kwenye bao, lile shimo la mraba linaitwaje?" mtangazaji aliuliza.

"Hapo mimi sina langu," nilisema.

Vidole vya baba vikanibana. Koromeo likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Nyu... nyumba."

Mama akaketi sakafuni palepale, sufuria mkononi.

"Asante, Mungu wangu! Asante!" Kisha akanigeukia, machozi yakimtiririka. "Muulize lingine, mwanangu. Lolote lile!"