Kofia Ndani ya Gari Moshi

Kofia ilikuwa ndani ya tanuri la gari moshi, imefungwa kwa nailoni, na haikuwa na hata mshono mmoja wa mkono wangu.

Eda yangu ilikwisha juzi. Nilikuja karakana kuchukua vifaa vya marehemu mume wangu, aliyelitunza lile gari bovu la kampuni ya zamani ya manukato kwa miaka ishirini. Miaka yote hiyo kofia zake nilizishona mimi.

"Bweni, huyu wa chuma ndiye mke mwenzio," Ambari mlinzi, aliyezoea kuniita bweni, yaani bibi, alikuwa amenitania wakati akifungua mlango.

Sasa niliitoa kofia kwenye nailoni. Nikapitisha kidole kwenye vitundu vya kofia. Vilikuwa vidogo kuliko vyangu, vimepangwa kwa mtindo wa Moroni, huko ng'ambo mume wangu alikokuwa akienda kutafuta vipuri. Mungu anisamehe, nilitamani lile tanuri liwake.

"Aliyeishona yuko bandarini," Ambari akasema. "Kafika na boti ya asubuhi, ya kwanza kuvuka tangu kisiwa chetu kijitenge na Moroni. Inarudi baada ya adhuhuri. Anauliza kama mumewe hajambo. Sikuweza kumwambia."

"Mrembo?"

"Bweni..."

"Nimekuuliza."

"Ana hina mikononi. Mpya."

Nikatazama viganja vyangu, vitupu tangu siku ya mazishi.

Nikaifunga kofia ndani ya leso. "Nenda ukamwambie asipande boti," nikasema. "Habari ya msiba niachie mimi. Mwambie tu mke mkubwa anakuja."