Barua ya Mheshimiwa

"Nekesa, niletee miwani. Iko kwenye droo."

Kabla ya kupinduliwa, Mheshimiwa alikuwa waziri mkuu wa nchi moja ya Afrika Magharibi, na kabla ya hapo kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Sasa anaishi uhamishoni hapa Jeddah, nami ni mtumishi wake wa nyumbani. Wiki hii wenyeji wake wamechukua pasipoti yake, naye hali wala halali, anawaandikia barua ya malalamiko.

Chini ya miwani nilikuta pasipoti yangu, na lile doa la chai niliyoimwagia uwanja wa ndege wa Nairobi. Miaka miwili ameniapia kwamba iko kwa ajenti, Riyadh. Mama amezikwa bila mimi.

"Nisomee barua yangu kwanza," akasema. "Nataka kusikia kama ina nguvu."

Nikasoma: "Katika nchi inayojivunia mageuzi, kumnyima mtu pasipoti yake ni kumfanya mtumwa."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaona nilichoshika.

"Rudisha ulikoitoa."

Niliikaza mkononi, nikaanza kuisoma barua upya, kwa sauti ya kumfikia mlinzi waliyemweka wenyeji wake getini.