Plasta za Vidoleni
King'ora cha kiwanda kililia, na samaki wa kutiwa makoponi walishajaa mezani. Verna alikuwa amezungushia vidole vinane plasta, kama walivyofanya wanawake wote kila asubuhi pale pwani ya Maine, Marekani, maana mkasi wa kukatia vichwa vya samaki hauna huruma.

Mwanamume mgeni ambaye Verna alikuwa akimfundisha kazi akamwuliza, bila ubaya, "Hivi na nyinyi mnapata dola mbili kwa saa?"

Verna alipata moja na robo. Na huo ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa kiwandani.

Msimamizi akapita mbio. "Haya, akina mama, samaki hawangoji!"

"Huyu ninayemfundisha mimi ananizidi mshahara," Verna akamwambia. "Kwa nini?"

"Mwenzio ana familia."

"Mimi nina watoto wanne na mume kaburini. Unadhani nafuga paka?"

"Tutaongea baadaye, Verna. Samaki wataoza!"

Verna akaweka mkasi chini. Akashika ncha ya plasta ya kidole gumba, akaibandua polepole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kovu jeupe likaonekana.

Wenzake mezani wakaacha kukata.

Kisha, nyuma yake, akasikia plasta nyingine ikibanduliwa.